Chuma Hakiozi

Kila mtu anayejua kwamba nina lori Texas huniuliza linalipa ngapi kwa maili. Mabinamu huuliza, watu wa kanisani huuliza, hata mhudumu wa M-Pesa mtaani kwetu aliniuliza nilipokwenda nyumbani Desemba. Ni swali la haki. Lakini baada ya miaka saba kwenye kazi hii, kwangu bei ya maili ni swali la pili. La kwanza ni hili: mzigo wako unaweza kusubiri?

Kuna mizigo inayoweza kusubiri na kuna isiyoweza. Tofauti hiyo ndiyo imeamua nilale wapi, nile saa ngapi, na binti yangu anione siku zipi. Hakuna aliyenieleza hivyo nilipokuwa nanunua lori. Waliniambia tu kuhusu injini.

Kwanza niseme nina nini na sina nini. Nina kichwa cha lori chenye matairi kumi, nilichokinunua kikiwa kimetumika, kwa akiba ya miaka mitatu ya kuendesha lori la mtu mwingine. Hati zina jina langu. Deni la benki pia. Lakini ukisimama kando ya mlango utaona jina la kampuni ambayo si yangu, na chini yake namba yake ya usajili wa serikali. Mtu wa Nairobi ataelewa haraka nikisema ni kama matatu na sacco. Gari ni lako, mkopo ni wako, tairi likipasuka Rironi saa tano usiku hilo ni lako peke yako. Lakini jina ubavuni na ruti ni za sacco, na bila sacco huingii barabarani.

Ndivyo ilivyo huku pia. Kampuni ina kibali cha kubeba mizigo kati ya majimbo, ina bima kubwa, ina wateja, na ndiyo inayodai pesa kwa mteja. Mimi nina lori, dizeli, gereji na mgongo wangu. Tumetia saini mkataba kwamba lori langu liko chini yake, na maadamu mkataba upo siwezi kuchomoka kwenda kubeba mzigo wa mwingine kwa siri. Katika kila dola 100 ya mzigo, nilikuwa napata 67 nikivuta trela la kampuni. Zilizobaki ni zao.

Kwa hiyo nikijiita mwenye gari najua maana yake ina mipaka. Sichagui wateja. Sipangi bei. Vitu ninavyochagua kweli ni viwili: trela la kuvuta, na mzigo wa kukubali au kukataa. Inaonekana ni vichache. Lakini humo ndani ndimo maisha yote yalimo.

Nilianza na boksi, lile trela refu la futi 53 lililofungwa pande zote, lenye milango miwili nyuma. Ndani yake nimebeba karatasi za choo, chakula cha mbwa, televisheni, viti vya plastiki. Uzuri wa boksi ni kwamba hugusi kitu. Unarudi nyuma hadi kwenye gati, wanapakia wenyewe, unafunga milango, unaondoka. Ubaya wake ni huo huo: kila mtu anaweza. Mizigo ikipungua sokoni, boksi ndilo la kwanza kushuka bei, kwa sababu nyuma yako kuna foleni ya watu walio tayari kubeba kwa pungufu.

Halafu kuna kusubiri. Sheria inanipa saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14. Nikishaanza siku, zile 14 zinahesabika tu, hata kama nimeegesha getini nikitazama ukuta. Kimashine kilichounganishwa na injini kinaandika kila dakika, hakuna kubembeleza. Desturi ya biashara ni kwamba saa mbili za mwanzo za kupakia ni za bure. Baada ya hapo unaweza kudai fidia, na broka anaweza kujibu au kunyamaza. Nimewahi kukaa saa sita kwenye ghala moja kungojea matairi ya baiskeli za watoto. Yangeweza kusubiri mwaka mzima yale matairi. Aliyewekwa kusubiri ni mimi.

Baada ya mwaka na nusu nikaenda kwenye trela la baridi, ambalo sisi madereva tunaliita rifa. Watu hula kila siku, uchumi uwe mzuri au mbaya, hivyo bei yake haianguki kwa urahisi kama ya boksi. Wakati wa baridi letusi na brokoli hutoka Yuma, Arizona. Joto likirudi kilimo kinahamia bonde la Salinas, California. Nilijifunza kalenda ya mboga kuliko kalenda ya kanisa.

Rifa lina injini yake ndogo ya dizeli kwenye ukuta wa mbele wa trela. Yaani mita chache nyuma ya kichwa chako unapolala. Inawaka, inazima, inawaka. Mwezi wa kwanza sikulala. Mwezi wa pili nilianza kushtuka ilipozima, kwa sababu kimya kilimaanisha kwamba letusi ya maelfu ya dola inapata joto.

Kitu kimoja wengi hawakijui: rifa halikuundwa kupoza mzigo. Limeundwa kuuweka ulivyo. Letusi ikiingia ikiwa na joto, itafika na joto. Usiku mmoja Yuma, nikiwa natazama wapakiaji, nilitoa kipimajoto changu nikakichoma katikati ya boksi moja. Karatasi ilisema nyuzi 1 za Selsiasi. Kipimo kilisema 9. Nikajaribu boksi la pili na la tatu, ni vilevile. Msimamizi akaniletea karatasi nitie saini kwamba nimepokea mzigo ukiwa sawa. Nikakataa. Nikitia saini, lile joto linakuwa langu: ghala la Dallas litaukataa mzigo, mteja ataidai kampuni, na kampuni itafungua mkataba wetu kwenye ukurasa unaohusu makato.

Dispacha alinipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili akanikumbusha wengine wangeshaondoka, mara ya tatu akasema mteja ni mkubwa. Nikamwambia kama mteja ni mkubwa basi ana friji kubwa. Mwishowe walishusha kila kitu, wakakirudisha kwenye chumba cha kupozea, wakapakia upya. Saa saba. Sikulipwa hata moja. Nilikuwa na haki, na haki yangu ilikula usiku mzima na nusu ya siku iliyofuata.

Mzigo usioweza kusubiri una tabia hiyo. Haraka yake yote anabebeshwa dereva. Maghala ya vyakula hupokea usiku wa manane ili maduka yawe na bidhaa asubuhi, na hawajui Jumapili. Unafika saa nane usiku, unalipia vibarua wa kupakua na kungoja risiti ili urudishiwe, unaondoka alfajiri ukitafuta mahali pa kuegesha wakati kila kituo kimejaa. Mwaka wa pili wa rifa nilifungua logi yangu nikahesabu. Kati ya wikendi 52, nilikuwa nyumbani 11.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Hakuwa analalamika. Hilo ndilo lililonitisha. Mtoto asiyelalamika amekwisha kupiga hesabu zake.

Nilimpigia baba. Siyo kwa sababu ana majibu ya Texas, ila kwa sababu aliendesha lori la tajiri mmoja kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka 22, na sisi tulikua tukimsubiri Mlolongo. Wanaosimulia asili ya jina la mji ule husema lilitokana na foleni ya malori yaliyongoja mizani. Sisi hatukuhitaji kusimuliwa. Foleni ilikuwa nje ya mlango.

Baba hakuwahi kuchagua mzigo. Alipewa ngano, mbolea, mabati, mitumba, chuma cha ujenzi. Tajiri akisema ongeza, iliongezwa, na mizani ya Mariakani ikilia, aliyelala pale kando ya gari ni baba, siyo tajiri. Hakuwa na mahali pa kuweka neno hapana. Angelisema mara moja tu, na kesho yake utingo wake angekuwa dereva.

Lakini kuna kitu nilikumbuka tukizungumza. Baba alikuwa akipiga simu kabla ya kuondoka bandarini kumwambia mama amebeba nini. Akisema ni chuma, mama alituma mmoja wetu nyama. Akisema ni kontena la baridi, hatukutumwa popote. Siku za kontena la baridi, parachichi zikishuka kwenda kupanda meli, alipiga honi tu akipita Mlolongo, ndefu moja na fupi mbili, na sisi tulikimbia hadi kando ya barabara kupungia vumbi. Siku za chuma aliegesha. Alioga, akala, akalala kitandani kwake, akaondoka alfajiri. Hakuna aliyempigia kuuliza chuma kiko wapi.

Nilipomweleza kuhusu wikendi zangu 11, alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mama, huko kwenu hakuna chuma?" Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikamwambia kipo. Akasema, "Basi beba chuma. Chuma hakiozi."

Kipo kweli. Kaunti ya Mississippi, ambayo licha ya jina lake iko Arkansas, ni kati ya sehemu zinazotengeneza chuma kingi zaidi Marekani. Kutoka hapo hadi Dallas ni karibu maili 500, kama kilomita 800. Viwanda vinapakia mchana na usiku, lakini wanaopokea, karakana na maeneo ya ujenzi, wengi wao hufunga Ijumaa jioni na kufungua Jumatatu. Katikati ya hapo hakuna anayekutafuta.

Bei ya amani hiyo iko mwilini. Chuma hubebwa kwenye trela wazi, na trela wazi halina kuta za kukusamehe. Koili moja, yaani karatasi ya chuma iliyoviringishwa kama mkeka, inaweza kufika tani 18 na zaidi. Sheria inataka minyororo na mikanda unayofunga iwe na uwezo wa jumla usiopungua nusu ya uzito wa mzigo. Mnyororo ninaotumia una uwezo wa pauni 6,600. Kwa koili ya pauni 40,000 hesabu inataka minne. Mimi hufunga sita, kwa sababu koili ikija mbele haitasoma kitabu cha sheria. Kabla ya maili 50 za kwanza kuisha unatakiwa uwe umesimama na kukagua tena, na kuendelea kukagua njiani kila maili 150 au saa tatu.

Juu ya hayo kuna turubai. Koili nyingi hazitaki maji, hivyo lazima zifunikwe. Turubai moja nzito inaweza kuzidi kilo 40, na unaipandisha juu ya mzigo katika upepo wa Arkansas mwezi wa Januari, ukiwa peke yako. Nimewaona wanaume wenye vifua vipana wakishikwa na upepo kama tiara. Nilifanya kazi hiyo miezi minane na trela la kampuni. Bega la kulia lilianza kunizungumzia usiku.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu ya kununua trela langu mwenyewe. Kuna aina inayoitwa Conestoga: ni trela wazi lenye fremu na turubai inayoteleza kwenye reli kama pazia. Unasukuma, trela lote linafunguka, kreni inaweka koili, unafunga minyororo, unavuta pazia. Hakuna kupanda juu. Hasara yake ni kwamba fremu ina uzito, na uzito huku ni pesa. Lori, trela na mzigo kwa pamoja havitakiwi kuzidi pauni 80,000 kwenye barabara kuu, kama tani 36. Kenya lori la ekseli saba linaruhusiwa tani 56, hivyo baba huona tunachezea mizigo ya watoto. Trela wazi la kawaida lingenibebea pauni 47,000. Hili linaishia karibu 44,000. Kuna mizigo inanipita kwa sababu hiyo tu.

Lakini nikivuta trela langu, fungu langu linapanda kutoka asilimia 67 hadi 77. Wiki ya mizigo ya dola 5,000, hiyo ni dola 500 zaidi. Kwa wiki 46 za kazi ni 23,000. Mkopo wa trela ni dola 900 kwa mwezi, yaani 10,800 kwa mwaka. Tairi nane, breki, bima na kushona turubai nikaweka 4,500. Inabaki 7,700, na bega. Nikalinunua.

Sasa nirudi kwenye lile swali la maili, kwa sababu najua bado linakuwasha. Chukua mizigo miwili kutoka kwenye daftari langu. Mmoja ni letusi, Yuma hadi Dallas, karibu maili 1,200, dola 3,400. Hiyo ni dola 2.83 kwa maili. Wa pili ni koili, Arkansas hadi Dallas, maili 500, dola 1,350. Hiyo ni 2.70. Ukiangalia maili, letusi imeshinda.

Angalia tena. Kwenye letusi fungu langu lilikuwa dola 2,278. Toa dizeli ya 700, inabaki 1,578. Lakini nilipakia kwenye mabanda matatu tofauti, nikaendesha siku mbili, nikangoja kupakuliwa usiku. Kuanzia nilipofika banda la kwanza hadi nilipoachiliwa ni saa 62. Ni dola 25 na senti kwa kila saa. Kwenye koili fungu langu lilikuwa 1,039, dizeli 277, gharama ya trela kwa siku kama 40. Inabaki 722. Saa zote, pamoja na usingizi, 22. Ni zaidi ya dola 32 kwa saa. Mimi huhesabu kila saa ambayo siko kwangu, hata ile niliyolala, kwa sababu hata usingizi wa kwenye kibanda cha lori nimeuuza.

Hesabu haiishii hapo. Lazima uulize mzigo unakuacha wapi. Florida ni maarufu kwa hili. Mizigo ya kwenda kule hulipa vizuri, watu wanachangamka, kisha wanafika na kugundua kwamba nje ya msimu wa mboga na matunda kule wananunua kuliko wanavyouza. Unatoka kwa bei ya kutupwa au unatoka mtupu. Mtoto wa Mlolongo anajua hadithi hii tangu zamani: malori yanapanda kutoka bandarini yamejaa, kontena nyingi zinashuka tupu. Bei nzuri ya kwenda ni bei ya kwenda na kurudi iliyofichwa.

Kwa hiyo ujuzi mkubwa kwenye kazi hii ni kusema hapana. Mkataba wangu unasema siwezi kulazimishwa mzigo. Nilihakikisha maneno hayo yamo kabla sijatia saini. Lakini kuwa na haki ya kukataa si sawa na kuweza kukataa. Mwaka 2021 na mwanzo wa 2022 bei zilikuwa juu, na kila mtu alikuwa jasiri. Ungeweza kukataa mizigo mitatu kabla ya chai. Kisha soko likaanguka, malori yakawa mengi kuliko mizigo, na likakaa chini kwa muda mrefu. Agosti 2023 kampuni ya Yellow, yenye wafanyakazi karibu 30,000, iliomba ulinzi wa kufilisika. Jamaa mmoja wa Kisii tuliyekuwa tukikutana naye kwenye nyama choma Arlington alirudisha malori mawili benki mwaka huo. Alikuwa dereva mzuri kuniliko. Alikuwa na haki ile ile kwenye mkataba. Alichokosa ni pesa za kukaa wiki tatu bila kukubali upuuzi, na mwenye malori mawili ana mikopo miwili isiyojua neno subiri.

Mimi huweka kando gharama za siku 45 za lori, trela na nyumba. Sizigusi hata kwa harusi. Kule nyumbani wananiona mchoyo. Lakini zile siku 45 ndizo neno hapana lenyewe. Bila hizo, mkataba wangu ni karatasi tu.

Mdogo wangu wa kiume alipata viza ya bahati nasibu mwaka jana. Ana leseni ya malori ya Kenya na miaka mitano ya barabara ya Malaba. Kabla hata hajafunga sanduku alinitumia ujumbe wa sauti: "Sista, kuna kampuni inanipa lori bila deposi, wanakata tu kwa wiki, halafu linakuwa langu. Si hiyo ni kuomoka?" Nilisikiliza mara mbili. Kisha nikamwambia asikie vizuri ni nani ndani ya hiyo sentensi. Anayekuuzia lori ndiye anayekupa mizigo ya kulilipia. Akitaka ushindwe, hahitaji kukufukuza. Anapunguza mizigo tu. Januari 2025 jopo lililoundwa na serikali ya shirikisho kuchunguza mikataba hiyo lilipendekeza ipigwe marufuku. Nilimtumia habari hiyo, na swali moja: kwenye mkataba huo, hapana yako iko ukurasa wa ngapi?

Hakujibu siku mbili. Kisha akaniuliza nilianzaje. Nikamwambia: fanya kazi ya kuajiriwa mwaka mmoja au miwili, uvute kila aina ya trela watakalokupa, uandike saa zako zote. Ukifika kutia saini na kampuni, soma wanaweza kukata nini na kwa nini. Kama unalipwa kwa asilimia, sheria inawataka wakupe nakala ya bei halisi ya mzigo, usikubali kuambiwa kwa mdomo. Pesa ya dhamana wanayoshikilia inatakiwa kurudi ndani ya siku 45 mkataba ukiisha. Kabla ya hayo yote, jua unataka kuwa nyumbani siku zipi, halafu utafute mzigo unaoheshimu siku hizo. Yeye hana mtoto. Pengine rifa litamfaa. Kuna vijana wanapenda usiku na wanatengeneza pesa nzuri na mboga, na siwezi kumwambia kwamba njia yangu ndiyo njia.

Mwezi wa Novemba, Ijumaa saa tisa alasiri, nikiwa nimebakisha kama saa moja kufika nyumbani, dispacha alipiga. Vipuri vya mashine, Fort Worth hadi Laredo mpakani, lazima vifike Jumapili asubuhi kwa sababu kiwanda upande wa Mexico kimesimama. Dola 2,500 kwa maili zisizofika 450. Fungu langu lingekuwa 1,925. Nilikuwa na koili nyuma za kupeleka Jumatatu. Alisema angepata mahali pa kuziegesha. Kwa kila kipimo cha maili ulikuwa mzigo bora wa mwaka.

Nikamwambia hapana. Hakukasirika, ila wiki mbili zilizofuata alinipa mizigo ya makombo, na nilijua ni kwa nini. Nikala kidogo kwenye zile siku 45.

Jioni hiyo niliegesha, nikaoga. Binti yangu sasa ana miaka tisa, na ameanza tena kulalamika: chakula kimechelewa, simu yangu inalia sana, nimesahau kununua karatasi za mradi wa sayansi. Tulikwenda kununua karatasi. Usiku, alipolala, nilifungua daftari nikaandika dola 1,925 kwenye safu ya gharama, chini ya dizeli, juu ya matairi.